Ritha Marko Ndahani, Aliyebaki Kazini

Wachungaji wetu, wazee, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, mimi ni Filipo, mdogo wake wa kumfuata, na familia imenituma niwasomee safari ya dada yetu.

Ritha alizaliwa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mzee Marko Ndahani, aliyekuwa kibarua wa reli. Alianza shule hapo Gulwe mwaka 1959, akaendelea Mpwapwa hadi 1966, na mwaka 1970 akahitimu uhazili Tabora.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa hapa Dodoma, katika shirika la chakula cha mifugo, akiwa karani mchapaji, na hapo ndipo alipoishi maisha yake yote ya kazi. Alikuwa na desturi zake, ambazo wengine walizicheka, akifika kazini kabla ya geti kufunguliwa, akikataa kuteta mtu asiyekuwepo, na akikosea anakwenda mwenyewe kumwambia bosi kabla hajasikia kwa mwingine. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa mwaka 1989, wengi waliikwepa wakisema imekuja kula kazi zao, lakini yeye alimwomba fundi aliyetoka Dar es Salaam amruhusu kukaa pembeni yake. Fundi akamuuliza, "Mama, una cheti cha mambo haya?" Naye akajibu, "Cheti sina, nina saa yangu ya chakula." Kwa saa hizo za chakula alijifunza, akapandishwa kuwa katibu muhtasi.

Tarehe 6 Novemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu Ulimboka Mwaisaka, dereva wa shirika hilo hilo, na mwaka 1978 Mungu akawajalia mtoto mmoja, Ludovick, aliyeketi hapa mbele.

Sasa nafika mwaka 1993, ambao familia iliniambia niuruke, nami nimeona nisiuruke. Mashirika yalikuwa yanapunguza watu, na pale kwao ikaamuliwa kwamba mume na mke wasibaki wote. Meneja aliwaita pamoja, akawaambia, "Wa nyumba hii atabaki mmoja, semeni ni nani." Kabla dada hajafungua mdomo, shemeji akasema, "Abaki mama Ludo. Dereva hakosi gari." Walipotoka nje dada akamuuliza, "Kwa nini hukuningoja niseme?" Akamjibu, "Ungesema nini?" Baadaye aliniambia kwamba moyo wake ulitaka kusema tuondoke wote, ila aliwaza ada ya mtoto na kodi ya nyumba, hofu ikamziba kinywa.

Shemeji akapata basi la Kondoa na Babati, mwanzoni akija kila wiki, kisha kila mwezi, na kuanzia 1995 zilikuwa zinakuja salamu tu, kwa makondakta. Ludovick alikuwa shule ya bweni. Waliopunguzwa wakikutana na dada sokoni walivuka upande wa pili, kwa kudhani aliwachongea, na wageni walioletwa na mwekezaji aliyelinunua shirika walikula chakula kwenye meza yao, wakiongea Kiingereza chao. Mwaka 1996 alipopandishwa kuwa ofisa utawala, hakuwa na wa kumwambia nyumbani, akapanda treni hadi Gulwe na kilo mbili za sukari, akamwambia mama, "Wamenipa cheo," mama akauliza, "Na mwenzio amesemaje?" Dada akainuka kwenda kuchota maji, na kesho yake alikuwa kazini.

Mwaka huo alitangaza kuwa atawafundisha kuchapa, kila Jumamosi sebuleni kwake, wanawake waliokosa kazi. Kwa miezi hakuja mtu, akawa anakaa mwenyewe na mashine yake, mpaka alipoingia Anjelina, mchapaji mwenzake wa zamani, akasimama mlangoni akasema, "Ritha, nilikusema vibaya mji mzima." Dada akamwambia, "Kaa, vidole vitakuwa vimekauka." Baada yake wakaja wengine, naye akiwaambia wasiulize kazi ni ya nani, waulize inatakiwa lini, na wajifunze kazi ya jirani kabla hawajalazimika. Kadhaa wenu mna ajira leo, mnajua ninachosema.

Mwaka 1998 figo zilianza kumsumbua, akaficha ugonjwa kwa kuogopa kuonekana mzembe, mpaka alipoanguka ofisini Mei mwaka huu. Julai shemeji Ulimboka akaja hospitali ya mkoa, akasimama miguuni pa kitanda. Dada akauliza, "Umeegesha gari la watu wapi?" Akajibu, "Nimelirudisha kwa mwenyewe. Sirudi Babati." Akawa anamnywesha uji na kufua shuka zake, na hakuna kati yetu aliyewauliza walizungumza nini. Dada alifariki Jumamosi tarehe 21 Agosti 1999, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Chang'ombe waliolala na msiba, uongozi na wafanyakazi wa kiwanda, nanyi mliovuka barabara zamani na leo mmekuja kumbeba.

Dada Ritha, uwanja wa nyumba yako umejaa watu, pumzika kwa amani.