Mama Juu, Fundi wa Lifti na Darubini Yake

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Mama Juu. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na watoto wa jengo alimoishi, kwa sababu kila aliyebisha hodi kwake jioni alijibiwa na mumewe, "Yuko juu." Haya ni maisha yake kwa ufupi, yakisomwa na mdogo wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho, kile kilichotikisika kila treni ilipopita. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba alikuwa mshika ishara wa reli na mama alifua mashuka ya hospitali. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa kimya, wakunga wakaingiwa na hofu, mpaka treni ya mizigo ilipopiga honi. Hapo naye akapiga yowe, kana kwamba wanashindana. Waliofanya naye kazi hawataliona hilo kuwa ajabu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, ng'ambo ya reli, na kuingia sekondari mwaka 1970. Huko wasichana walipangiwa upishi na ushonaji, na wavulana fizikia. Marehemu alibeba kiti chake akaenda kukaa darasa la fizikia. Akatolewa. Kesho yake akarudi na kiti kilekile. Baba akaitwa.

"Mzee, huyu binti yako hana masikio?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Masikio anayo, mwalimu," baba alijibu. "Kasikia kwamba humu ndani mnafundisha umeme."

Akaachiwa kiti chake. Alibaki humo mpaka akamaliza, na mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, mwanamke pekee katika fani ya umeme. Alihitimu mwaka 1976, akaajiriwa mwaka huohuo na kampuni ya kufunga na kukarabati lifti, alikofanya kazi hadi mwaka 2014. Hakuwa mtu wa maneno mengi kazini. Akiambiwa lifti imeshindikana, alivua saa, akakunja mikono ya ovaroli, na kuuliza, "Imewashinda nyinyi au imeshindikana?"

Kazi hiyohiyo ndiyo iliyomletea mume. Mwaka 1979 lifti ya mizigo ya kiwanda cha mikate ilikwama kati ya ghorofa mbili, ndani yake kukiwa na mwokaji na toroli la mikate ya moto.

"Nani huko juu?" mwokaji aliita.

"Fundi."

"Mbona sauti ya mwanamke?"

"Kaka, unataka kutoka au unataka kunihoji?"

Alimtoa. Mwokaji alimpa mkate, akaomba ruhusa ya kumletea mwingine siku inayofuata. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980, na Mungu akawajalia binti mmoja na mwana mmoja. Saa zao za kazi hazikupatana hata kidogo, maana mwokaji huamka wakati wengine wanalala. Miaka mingi walikutana kwenye ngazi, yeye anashuka kutoka paani na mumewe anatoka kwenda kuwasha tanuri. Shemeji yetu anasema mazungumzo yao bora waliyafanyia hapo, wameketi ngazini, kila mmoja na kikombe chake.

Sasa niseme juu ya hilo paa. Mashine za lifti za wakati ule zilikaa kwenye chumba kidogo juu ya jengo. Jioni moja ya Julai 1984 marehemu alitoka kwenye chumba cha namna hiyo, mikono imejaa grisi, akamkuta mpangaji mmoja, mfamasia, ameinama kwenye darubini ndogo. Mfamasia akamkaribisha aione Zohali, ile sayari yenye pete.

Marehemu aliweka jicho. Akaliondoa. Akaenda mbele ya darubini, akachungulia mdomoni mwake, akapitisha kidole kando ya kioo.

"Umebandika picha," alisema.

"Dada, sijabandika kitu. Tazama tena."

Akatazama tena, na safari hii akakaa. Baada ya muda akashtuka. "Imekimbia!"

"Haijakimbia. Sisi ndio tunaozunguka."

Alirudi nyumbani amechelewa, hajala, na akamwambia mumewe kwamba anataka darubini ya kwake, tena kubwa kuliko ile. Madukani hakukuwa na ya namna hiyo, akaamua kuitengeneza. Kioo kinene cha dirisha la jengo lililovunjwa alikisugua kwa mkono, kwa unga wa msasa na maji, juu ya meza ya jikoni, mpaka kikabonyea katikati kama sahani. Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kiliingia mkwaruzo siku ya mwisho. Familia ilikula imekaa mkekani karibu mwaka mzima kwa sababu meza ilikuwa na kazi. Cha tatu kilikubali, kikawa jicho la darubini yake. Binti yake, aliyekuwa mdogo, aliletewa mwezi karibu mpaka akaona mashimo yake, akauliza nani aliuchimba.

Yeye, mfamasia na kinyozi wa chini ya jengo alimoishi marehemu wakawa kikundi. Kila Jumamosi jioni walipandisha vyombo vyao paani, kumetakata au kumefunga. Wapangaji wakawaita Kamati ya Mawingu, kwa kuwa mara nyingi walionekana wamekaa watatu chini ya anga jeusi, wanakunywa chai na kubishana. Mfamasia alipotaka kuahirisha, marehemu hakukubali. Alisema wingu huondoka bila kuaga, na atakayeona ni yule ambaye darubini yake tayari imesimama.

Tarehe 15 Juni 2011 mwezi ulikuwa unapatwa mzima. Marehemu alibandika tangazo ndani ya lifti: njooni paani, viti mje navyo. Walikuja kwa wingi, na watoto, na mablanketi. Wingu likaja pia, likakaa. Watu walisubiri, wakachoka. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya chini, mpiga rangi, akapaza sauti, "Fundi, vipi, mwezi wako umekatiwa umeme?" Paa zima likacheka. Halafu manyunyu yakaanza, wakakimbilia ndani. Marehemu alivua koti lake la mvua akaifunika darubini, akasimama pale amelowa, mpaka mumewe, aliyekuwa anatoka kwenda kazini, alipopanda kwanza huko juu, akamshika mkono.

"Leo basi, mke wangu."

"Leo basi," alikubali.

Asubuhi lifti ilikuwa na tangazo jipya: Jana hatukuona. Leo tunapanda tena. Waliokuja walikuwa wachache, na anga lilikuwa safi. Mpiga rangi alikuwamo, nadhani kwa aibu. Aliinama, akaiona Zohali na pete zake, akakataa kumpisha aliyemfuata.

"Hii inakuwapo hapo siku zote?" aliuliza.

"Siku zote."

"Hata jana?"

"Hata jana."

Mwaka 2013 mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka, kisha na wa kulia. Madaktari walisema ni ugonjwa wa Parkinson. Kazini aliacha mwenyewe, kabla hajaambiwa. Alisema mtu anayetetemeka hafungi kamba inayobeba watu. Hilo alilimeza. Lililomuuma ni la paani. Darubini kubwa ukiigusa kidogo tu, nyota inaruka, na yeye kila alipoigusa ziliruka zote. Jumamosi moja alishuka mapema bila kuaga mtu, akakaa jikoni na taa imezimwa.

Jumamosi iliyofuata alipanda na mota ya mlango wa lifti iliyotupwa, na pedali ya cherehani ya umeme ambayo aliiazima kwa mdogo wake huyu anayewasomea, na hadi leo haijarudi. Alitaka kuigeuza darubini kwa mguu, maana miguu ilikuwa bado inamtii. Yeye aliagiza, kinyozi akafunga. Kinyozi alipolalamika kwamba hajui mambo ya mota, marehemu alimjibu, "Wewe unashika wembe kooni mwa watu kila siku, skrubu itakushindaje?" Ilichukua miezi. Mota ilinguruma, ikateleza, ikaunguza mkanda. Mwishowe akakaa kwenye kiti, mikono ameibana mapajani, akakanyaga pedali polepole, na mwezi ukatulia machoni mwake.

Miguu nayo ilipodhoofika, binti yake, ambaye ni muuguzi, alimsihi aache ngazi za paani. "Mama, hizo ngazi zitakuua."

"Mwanangu, nimefanya kazi juu ya shimo la lifti miaka thelathini na nane. Nitauawa na ngazi?"

Alizipanda amekaa, kinyumenyume, ngazi moja baada ya nyingine, mumewe akimfuata kwa chini na mto wa kukalia. Alifanya hivyo mpaka Januari mwaka 2023.

Mwezi wa Mei alilazwa kwa homa ya mapafu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Jumamosi yake ya mwisho alimuuliza binti yake kama kumetakata. Binti alichungulia dirishani, akafikiria kumdanganya, akashindwa. "Mawingu, mama. Kila upande."

"Waambie wapandishe," alisema.

Mfamasia, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, na kinyozi walipandisha. Hawakuona kitu, na walikaa mpaka saa yao ya kushuka. Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, alfajiri, mumewe akiwa ameshika mikono yake yote miwili, ambayo ilikuwa imetulia.

Ameacha mume, binti na mwana, mkwe mmoja, wajukuu wanne, wadogo zake wawili, na jengo zima linalosubiri kujua nani atabandika matangazo kwenye lifti.

Watoto wa jengo wameuliza kama Mama Juu sasa amekuwa nyota. Swali hilo aliwahi kuulizwa mwenyewe, kwenye msiba wa mama yetu, na jibu lake tunalo. Alisema nyota ni moto, haina nafasi ya mtu. Mtu anarudi kwenye udongo, na udongo si mahali pabaya kwa aliyefanya kazi. Basi hatutamsingizia. Tunamlaza hapa, kwenye udongo, amechoka kwa haki yake. Mola amjalie pumziko lenye amani.