Kigae Kimoja Kilichobaki

Benchi letu limeegemea ukuta wa gereji ya Spana, chini ya bati lililotoboka mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni juu ya kichwa changu. Mimi ni fundi viatu. Wenzangu ni Mzee Rula, seremala aliyestaafu lakini penseli haijastaafu sikioni. Antena, fundi redio, ambaye hunasa mambo ambayo redio zake hazijawahi kuyatangaza. Na Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutuvumilia bure. Miezi miwili iliyopita mke wa Spana aliteleza kwenye oili humo gerejini akavunjika mguu. Kabla ya hapo alikuwa anakuja kila mchana na chakula, anakaa kwenye kona ya mlango, anamsimulia mumewe habari za mtaa mzima huku mume yuko chini ya gari. Sasa Spana anakula peke yake, tena amesimama. Ndiyo maana alinunua vigae vya plastiki akatandika sakafu yote, kila kimoja kimeshikana na mwenzake, isipokuwa kwenye kona hiyo hiyo. Hapo nguzo imetokeza, na kigae lazima kipunguzwe upana wa vidole vinne. Asubuhi ya kisa hiki shemeji alikuwa anatolewa plasta hospitalini, na njia yake ya kurudi nyumbani inapita hapa. Spana akatoka na kigae mkononi, uso umemshuka.

— Vilikuwa vitatu, — akasema. — Hiki ndicho kilichobaki.

— Cha kwanza kimeenda wapi? — nikauliza.

— Nilikipiga grenda. Kikapiga kelele, kikatoa moshi, kikageuka uji. Mpaka sasa kimegandia kwenye diski.

— Na cha pili?

— Msumeno wa duara. Kimekatika vipande kama biskuti.

— Si urudi dukani?

— Rangi hii imeisha. Wanasema mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mama Birika akamtilia kikombe mkononi bila kuulizwa.

— Kunywa kwanza, mwanangu. Mkono unaotetemeka haukati hata mkate.

Mzee Rula alikichukua kigae, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza kama anayechagua tikiti maji.

— Kosa lako ni joto, Spana. Ukiupeleka msumeno mbio, plastiki haikatiki, inayeyuka halafu inajifunga tena nyuma yako. Samaki mkunje angali mbichi, plastiki ikate ingali baridi.

— Samaki ameingiaje hapa, mzee? — Antena akauliza.

— Ameingia kwa adabu. Wewe je?

— Mimi naingia na friji! Kilazwe kwenye barafu saa mbili.

— Kikiganda si kitapasuka kama kile cha pili? — Spana akasema.

— Kile kilipasuka kwa woga, ndugu yangu. Ulikiwashia msumeno ghafla. Ungeuacha uungurume pembeni dakika kumi, kizoee sauti.

— Kigae kizoee sauti?

— Mtoto mchanga si anazoea redio? Halafu plastiki ina kumbukumbu. Hiki kilikuwa papo hapo wenzake wakichinjwa. Unadhani kimesahau?

— Kwa hiyo tukipe pole kwanza? — nikauliza.

— Mkitaka mkato safi, ndiyo.

Spana hakucheka. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kugonga benchi kwa kicheko, lakini macho yake yalikuwa barabarani, upande wa hospitali. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

— Nina jigso, ule msumeno mdogo wa bledi nyembamba, — akasema. — Niiwekee bledi ya meno madogo au makubwa?

— Madogo, — akasema Mzee Rula.

— Makubwa! — akasema Antena. — Madogo yanasugua, yanaleta joto.

— Makubwa yanang'ata, yanaacha mapengo.

— Ya katikati, — akasema Mama Birika, — na mnywe kahawa inapoa.

— Tena iwe bledi mpya, — Mzee Rula akaendelea. — Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake bledi ikikata mara mbili, ya tatu ipelekwe shamba.

— Mzee, methali hiyo ilikukosea nini? — Antena akauliza.

— Nyinyi vijana mnabisha tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika…

Akajiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Sote tulijua guu la nani limevunjika. Spana alikitazama kikombe chake.

— Nisamehe, mwanangu. Ulimi hauna breki.

— Hamna shida, mzee. Nisaidie tu kukata.

Hapo Mzee Rula akawa seremala kweli. Alivua koti, akaagiza ubao wa kulazia, jiriwa mbili za kubania na utepe wa karatasi. Alipima kona kwa rula yake ya kukunja mara tatu, akabandika utepe, akachora mstari juu yake, upande wa kulia.

— Sasa sikilizeni. Meno ya jigso yanang'ata yakipanda juu. Uso wa juu ndio unaochubuka. Kwa hiyo uso mzuri tunaulaza chini, tunakata kwa mgongoni.

Ilikuwa kweli tupu. Mzee akakipindua kigae kama anayefungua ukurasa wa kitabu.

— Na mstari? — Antena akauliza. — Umebaki chini, hatuuoni.

— Nachora mwingine. Ulikuwa kulia, nachora kulia. Kulia ni kulia duniani kote.

Tukakubali kwa vichwa, watu wazima wote tuliopo. Antena akapewa tochi, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mimi nikashika ncha ili kipande kisianguke na kuvuta ukingo. Spana akawasha jigso, mwendo wa chini kabisa, akaisukuma taratibu, anapumzika kila baada ya kidole kimoja ili bledi ipoe.

— Usiisukume, iache ile yenyewe, — Mzee Rula alikuwa ananong'ona. — Hivyo hivyo. Hivyo hivyo, baba.

Kipande kikaniangukia mkononi. Hakikuwa na moshi, wala uji, wala pengo. Spana alipitisha kidole ukingoni, akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mkewe aanguke. Mzee Rula alikumbatiwa mpaka penseli ikadondoka. Antena alidai ni ile tochi.

Shemeji akatukuta hivyo hivyo. Alikuja polepole na fimbo, mguu uliotolewa plasta umekonda kuliko mwenzake.

— Shikamoo, mzee. Hamjambo wote? Kuna nini hapa, arusi?

— Zaidi ya arusi, shemeji, — nikasema. — Shika huo mkato.

Akaupapasa.

— Laini kweli.

Kisha akachungulia ndani ya gereji. Aliitazama ile sakafu kwa muda, mlango hadi ukuta wa nyuma. Akaitazama kona. Akakitazama tena kigae, akakigeuza.

— Hivi vyote vimeshikana kwa vitanzi vya pembeni, sivyo? Kidole cha hiki kinaingia kwenye kitanzi cha kile.

— Ndivyo hasa! — Antena akasema kwa fahari.

— Na nyinyi vitanzi mmevikata. Upande wa nguzo ndio mmeuacha mzima. Sasa hiki kitamshika mwenzake na nini?

Mzee Rula alikichukua kigae. Akakipindua kama ukurasa. Akakirudisha. Akaitazama mikono yake, wa kulia na wa kushoto.

— Labda gundi, — Antena akasema, kwa sauti ya redio inayoishiwa betri.

Spana alikaa kwenye ncha ya benchi.

— Kilikuwa cha mwisho, — akamwambia mkewe. — Nilitaka ukute kona yako iko tayari. Nilitaka urudi ukae.

— Ndiyo kazi iliyokuwa inakurudisha nyumbani usiku wiki tatu hizi?

— Ndiyo.

— Mimi nikasema huyu amezoea kukaa peke yake. Hukuniuliza hata siku moja kama nitarudi. Nimelia kwa hilo kuliko kwa mguu, unajua?

— Niliona haya. Uliangukia oili yangu.

— Sasa mume wangu, kuniambia tu "njoo ukae na mimi", nako kulihitaji msumeno?

Antena alifungua mdomo, Mzee Rula akamshika mkono wa shati. Spana alikuwa anamtazama mkewe, machozi yanamlengalenga mbele yetu, naye hakujificha.

Mama Birika akainuka na kukusanya vikombe, hata vile ambavyo hatujamaliza.

— Kahawa imeisha, — akasema. — Kila mtu kwake.

Hakuna aliyebisha. Nilimpokea birika nimsaidie kulibeba mpaka kona ya pili. Lilikuwa bado zito.