Sweta la Bi Mizani Lililopanda Angani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Mizani anastaafu. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hata mkurugenzi akitakiwa kulitaja hubaki anakuna kichwa. Aliajiriwa kushona miamvuli ya kuishushia darubini yetu, ile inayobebwa na puto hadi juu ya mawingu kupiga picha za nyota. Baadaye akapewa kazi ya kuisawazisha, maana ikining'inia upande inaambulia giza tupu.

Ukali wake mnaujua. Mlangoni mwa ukumbi wa kusawazishia aliweka bakuli la plastiki, na kila anayeingia sharti amwage humo vya mifukoni: simu, sarafu, hata karanga, kisije kitu kikasahauliwa kwenye darubini kikaharibu uzito wake. Hakuwa na cha bosi wala cha mfagizi. Mimi mwenyewe nimewahi kurudishwa kwa sababu ya kijiti cha meno.

Safari ya mwisho chini ya mikono yake nusura itushinde. Upepo ulikuwa umetukatalia mara mbili, na msimu unaisha. Tukikosa tena, ni mpaka mwakani, naye atakuwa nyumbani na wajukuu. Alishatuambia wazi kwamba hataki kuagwa kwa keki, anataka kuagwa na puto.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa inang'ata, upepo ukatulia. Tukaiinua darubini kwa winchi. Lo! Ikainamisha pua kama mbuzi anayekunywa maji. Tukakagua betri, kamera, kamba, wapi! Vyuma vya kuongezea uzito tulikuwa tumeviacha karakana, mwendo wa nusu siku kwa lori.

Bi Mizani akatia mikono mifukoni apate joto, akagusa bisibisi. Wiki zote za kusawazisha, sweta lake zito la kijani alikuwa akilitundika nyuma ya fremu ya darubini, mifuko imejaa bisibisi, peremende na funguo. Na sasa amelivaa. Yeye, mwenye bakuli!

Angeweza kunyamaza tukailaumu winchi. Lakini mficha uchi hazai: alikiri mbele ya wote, akalivua, akalishona palepale kwenye fremu, mifuko na vyote vilivyomo. Darubini ikanyooka. Mkurugenzi alishika kichwa kwanza, kisha akaruhusu. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, naye akitetemeka kwa baridi, akilipungia puto mkono hadi likawa kitone.

Picha zilikuja safi ajabu. Kasoro ilikuwa moja tu: funguo za kabati la majani ya chai nazo zilikuwa angani, kwa hiyo hadi darubini iliposhuka tulikunywa maji moto na kuitana wazalendo.

Fundi wa karakana sasa ametuchongea kipande cha chuma chenye uzito wa sweta lile, pamoja na peremende zake. Tumekiita Bi Mizani, na kila darubini itakayopaa itaondoka nacho.

Asante, mama, kwa ukali wako, na kwa kutuonyesha namna ya kukiri kosa mapema, kazi ingali inaokoleka. Tutakukosa, na hapa sifanyi utani. Sweta lako hilo, tumelifua. Maisha yako yawe mema na yenye joto. Leo pita mlangoni na mifuko yako ikiwa imejaa; bakuli tumelifunika.