Gari la Miezi Saba

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemezwa kwenye banda langu la kushonea viatu. Kila asubuhi Mzee Gia huja na birika lake la kahawa, maana tangu astaafu kuendesha malori hana pengine pa kuamkia. Kushoto hukaa Asilimia, dalali wa magari. Kulia hukaa Sentimita, fundi cherehani wa mlango wa pili, futi yake ya kupimia imemning'inia shingoni. Mimi wananiita Soli. Asubuhi ninayoisema, tulikuwa tumekaa kumchagulia Sentimita gari. Mke wake, shemeji yetu, anaumwa mifupa, na daktari hakuwazungusha: akivuka miezi saba, washukuru. Kliniki ni mara mbili kwa wiki, na kiti cha basi kwake sasa ni mateso. Basi Sentimita ameamua kuchukua akiba ya kuezekea nyumba yao, anunue gari, na mambo yakiisha aliuze bila hasara, akiba irudi. Alisema "mambo yakiisha" huku anatazama chini, na sisi tukashukuru kwamba kuna gari la kuzungumzia.

— Jeupe, alisema Asilimia. Usiniletee rangi nyingine. Gari jeupe unalitangaza asubuhi, jioni umeshalisahau.

— Linaonyesha uchafu, alisema Mzee Gia.

— Uchafu unaoshwa, mzee. Mimi nina la zambarau uwanjani, mwaka wa pili huu. Hata wezi wanalipita.

Sentimita alitoa chaki yake akaandika kwenye ubao wa benchi: jeupe.

— Na injini ndogo, aliongeza Mzee Gia. Chukua gari ambalo kila mtu analo, spea zake unazikuta mpaka kwa muuza sabuni. Ukinunua la kipekee, utabaki nalo.

Injini ndogo, akaandika.

— Na anayeniuzia awe mtu gani?

— Mwalimu wa kike, alisema Asilimia. Nyumbani shule, shule nyumbani. Akiona shimo anasimama kwanza analitafakari.

— Mimi ningetafuta la mjane, alisema Mzee Gia. Mtu akishafiwa, gari linakaa tu ndani, halina wa kulipeleka popote...

Akajimiminia kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, ikamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Hakuna aliyemwangalia Sentimita. Bahati nzuri wakati huo alitokea dada mmoja, mgeni kabisa hapo kwetu, ameshika kiatu kilichokatika mkanda. Nilimkaribisha mwisho wa benchi, nikampa kipande cha boksi aweke mguu, nikaanza kushona. Asilimia akaona ndiyo nafasi ya kubadilisha maneno.

— Kubwa kuliko yote ni harufu, alisema. Mnunuzi anafungua mlango, ananusa. Akisikia harufu ya dawa tu, bei imeshuka.

Lo, alikuwa amebadilisha maneno kwa namna gani. Lakini Sentimita alitikisa kichwa taratibu, akanyanyua robota la nailoni alilokuwa amelilaza miguuni.

— Hilo nililiwaza, alisema. Nitashona vifuniko vya viti vyote. Akiketi, asigusane na kitambaa.

— Si atatokwa jasho?

— Nitamwekea shuka.

— Akae nyuma, alisema Mzee Gia. Kiti cha mbele ndicho kinachotazamwa.

— Na kilomita, alisema Asilimia, sasa amepamba moto. Kilomita ndizo umri wa gari. Nyumbani, kliniki, miezi hiyo saba, basi. Zikizidi, kuna mtaalamu mmoja alinifundisha, unaendesha kwa rivasi. Ukirudi nyuma, na namba nazo zinarudi.

— Mimi nimeshika usukani miaka thelathini na minane, alisema Mzee Gia. Kama namba zingerudi, na mimi leo ningekuwa kijana.

Tulicheka. Sentimita naye alicheka kidogo, kisha akaanza kuiviringisha futi kidoleni, anaikunjua, anaiviringisha tena.

— Kuna jambo, alisema. Ameomba tukilipata gari nimpeleke kwao. Akaone mto wao, na nyumba ya mama yake kama bado imesimama. Ni kilomita mia nne na kitu. Kwenda tu.

— Mia nane, alisema Asilimia, ameshika kichwa. Kwenye gari la kuuza? Na akiba ya kuezekea nyumba yenu itarudi vipi?

— Na huko mwisho ni changarawe, alisema Mzee Gia. Mawe yanapiga tumbo la gari mpaka unaona huruma.

Na mimi naye, badala ya kushona kilichokuwa mkononi, nikafungua mdomo. Nilisema ndugu zake wampigie picha za huko wamtumie, ataziona akiwa kitandani. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyepata wazo zuri. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo najichukia.

— Ndivyo nilivyomwambia jana, alisema Sentimita. Akasema sawa. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Yule dada alikuwa bado ameweka mguu juu ya boksi.

— Samahani kaka zangu, alisema. Mimi ni mpita njia tu. Hiyo nyumba mnayotaka kuezeka ina vyumba vingapi?

— Viwili, alisema Sentimita. Na baraza. Baraza alilitaka mwenyewe, awe anakaa hapo nikishona.

— Mna watoto?

— Hatukujaliwa.

— Sasa akiba ikirudi, ukaezeka, atakaa nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeulizia saa. Mzee Gia aliinua birika, akalirudisha chini bila kumimina. Mimi sindano ilinisimamia kwenye ngozi ya kiatu. Nilimwangalia Sentimita, mtu ninayekaa naye ukuta kwa ukuta mwaka wa kumi na tisa, nikaona machozi yanamtoka na hayafuti. Tulikuwa tumehangaika asubuhi nzima asipate hasara, na hasara yenyewe ilikuwa imelala chumbani kwake, imeshasema sawa, itatumiwa picha.

Kisha akasema, bila kumgeukia mtu:

— Mzee, mimi gari sijui kuendesha. Mia nne utaziweza?

— Nimeendesha zaidi ya hizo nikiwa na homa.

— Awe anapumzika njiani.

— Tutasimama kila atakapotaka. Tafuta lenye kiti cha mbele kinacholala.

— La rangi yoyote, alisema Asilimia.

— Rangi nitamuuliza, alisema Sentimita. Sikuwa nimemuuliza.

Akafuta maandishi ya chaki kwa kiganja, akaenda nyumbani kwake. Cherehani hakuifungua siku hiyo. Nailoni aliiacha pale chini. Yule dada alivaa kiatu chake akaondoka, na nilipokumbuka kuwa sijamdai alikuwa ameshapinda kona.

Kesho yake tulikuwa tena benchini. Kahawa ilikuwapo na hakuna aliyeinywa. Sentimita alikuja saa tatu, amevaa shati la kutokea, akasimama mbele yetu.

— Nilimwambia achague rangi yoyote, asiwaze kuuza, alisema. Alifikiri kidogo. Akasema toka utotoni alitamani zambarau.

Tuligeuka sote kumtazama Asilimia. Hakutaja bei. Aliinamisha kichwa, akawa anatafuta funguo mifukoni, mfuko huu, mfuko ule, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.