Viti Nilivyovirudisha Mstarini

Mheshimiwa Meya, Mheshimiwa Mkurugenzi wa ofisi hii ya kuandikisha vizazi na vifo, viongozi wetu wa dini, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa madirishani na wa ufagio, na wewe msanii wetu, ambaye humu ndani tumekuzoea kwa jina la Dada Viti: nawasalimu kwa heshima, na namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima.

Nimeombwa niseme machache kabla Mheshimiwa Meya hajafungua maonyesho haya ya michoro. Mimi si msemaji. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi, na ukumbi huu nimeupiga deki miaka kumi na miwili. Lakini Dada Viti amesisitiza kwamba bila mimi habari hii haisimuliki, na kwa upande wangu ingekuwa afadhali kama ingesimulika bila mimi.

Mnaujua ukumbi wenyewe. Mwenye mtoto mchanga na mwenye marehemu wanasubiri pamoja, kwenye viti sitini na vinne, ambavyo zamani vilikuwa vimeunganishwa kwa nondo, safu nane za viti vinane. Dada Viti alikuja na kibali cha jiji, akaleta fundi wa kuchomelea, nondo zikakatwa, kila kiti kikabaki peke yake. Kisha akabandika tangazo mlangoni: kiti ni chako mpaka utakapoitwa, kiweke unapotaka. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yenyewe. Mwenzetu wa dirisha namba mbili aliuliza kama jiji limeshamaliza kuziba mashimo ya barabarani. Mlinzi akasema kwake viti vinasogezwa kutwa na hajatokea mtu wa kumwita msanii.

Yeye mwenyewe hakukaa humu mchana, maana alisema akiwepo watu watafanya ya kumfurahisha. Mpango wake ulikuwa aje saa kumi jioni, watu wakishaondoka, achore kwenye karatasi kubwa kila kiti pale kilipoachwa, siku hadi siku, ili mwisho wa mwezi ionekane watu wa jiji hili wanasubirije.

Sasa, ndugu zangu, ofisi inafunga saa tisa na nusu. Kati ya saa tisa na nusu na saa kumi, nani yumo humu ndani? Ni mimi. Na kazi yangu inasemaje? Piga deki, panga safu. Kwenye kikao cha kuelezwa habari za sanaa waliitwa watu wa madirishani, sisi wa usafi hatukuitwa, na silisemi hili kwa kulaumu, Mheshimiwa Mkurugenzi, nalisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Tangazo nililisoma. Nikaona linawahusu wenye kusubiri, halinihusu mimi mwenye kufagia. Basi kila siku nilikuta ukumbi umevurugika, nikanung'unika, nikapanga safu nane za viti vinane, nikatokea mlango wa nyuma.

Siku ya kumi na tano ya kazi, siku ya Ijumaa, alinikuta bado nakamua tambara la deki. Akaniambia watu wetu wana utii wa ajabu, wiki tatu nzima na hakuna aliyesogeza kiti hata hatua moja. Akasema kosa ni lake, amewaletea watu jambo wasilolihitaji, ameshaandika barua ya kusitisha kazi na Jumatatu anafungasha. Nililikamua lile tambara mpaka likakauka. Nikamwambia safari njema.

Nyumbani nilisali na sala haikupanda. Nina watoto watatu wanaokula kwa ufagio huu, na kuharibu mradi wa jiji si jambo la kuambiwa pole. Mume wangu alinishauri ninyamaze, maana mwenye neno anaondoka na neno litaondoka naye. Nilinyamaza siku mbili.

Jumatatu nilimkuta akibandua tangazo lake mlangoni.

“Dada,” nikamwambia, “usibandue. Walivisogeza. Mimi ndiye niliyekuwa navirudisha.”

Alikaa chini palepale kizingitini. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili.

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Na vilikuwa wapi, Mama?”

Hilo ndilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikafungua kinywa, na nikagundua kwamba najua. Si vyote, vile vilivyonitesa mgongo. Viwili vilivyosogezwa karibu mpaka miguu ikanasana. Saba vilivyozungushwa, katikati makombo ya biskuti. Kimoja kilichopelekwa hadi mlango wa stoo na kugeuzwa ukutani. Kimoja kililigeuzia mgongo dirisha namba nne, dirisha la vifo, siku tatu mfululizo mahali palepale. Akachukua karatasi mpya, moja kwa kila siku; yeye akachora, mimi nikasema.

Mheshimiwa Mkurugenzi, tulipomweleza, alikuwa na haki ya kunifukuza. Aliongeza kibali mwezi mmoja, nami akanipa barua ya onyo. Barua ipo kwenye faili langu, na ipo mahali pake.

Michoro ya mwezi ule wa nyongeza ipo kulia kwenu, imejaa viti. Kushoto zipo karatasi kumi na tano za mwanzo, na nimewasikia wageni wawili wakiulizana mbona sita hazina kitu, kama fundi wa fremu alisahau. Hakusahau. Siku hizo sita zilinipotea. Dada Viti aliniambia niseme popote, nani atajua. Nikamwambia Mungu anajua, na waliokaa pale wanajua. Hakubisha. Aliandika tarehe chini, akazitundika tupu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkipita pale msome tarehe. Kama ni siku uliyokuja humu, ukabeba kiti chako ukakiweka mahali ulipoona panakufaa, kwa sababu unayoijua wewe, kilikuwepo. Nilikiondoa mimi. Naomba unisamehe.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na Mwenyezi Mungu awabariki.