Kioo Kikilowa

Mbele ya famasi ya Muhindo, kwenye mtaa unaoteremka bandarini, kuna kiti kirefu cha mbao iliyong'olewa relini, na kila siku baada ya alasiri Zuberi huketi hapo na birika lake la kahawa ya tangawizi. Wanamwita Kemia, maana hakuna jambo asilokuwa na dawa yake. Mwenzake ni Florentin, fundi wa zamani wa gari-moshi, anayeitwa Direkta ingawa hajawahi kuongoza hata toroli. Wa tatu ni Twaibu, mzee wa miaka sitini na minne, mtu wa maneno machache. Siku hiyo gumzo lilikuwa mlango. Muhindo alikuwa ameuleta kutoka Goma, umebanwa kati ya magodoro mawili: mlango wa kioo cha ukungu, kile ambacho mtu akisimama nyuma yake unaona kivuli bila sura, umechorwa maua toka juu hadi chini. Haikupita juma moja, mikono ya wateja ikawa imeupaka mafuta mwili mzima.

— Nilipangusa na petroli, alisema Muhindo kwa huzuni. Sasa iko mubaya kupita mbele.

— Majivu na ndimu, alisema Kemia akimimina kahawa. Unasugua mpaka inalia.

— Majivu njo ya sufuria! Direkta alimkata. Kioo ya namna hii inaomba asidi ya betri.

— Utaunguza maua!

— Maua njo inakamata uchafu! Sikiliza, Muhindo. Leta msasa. Tunakwangua ule ukwaru wote, kioo inakuwa laini, uchafu haina tena pa kushika.

— Na ukungu?

— Ukungu ya nini? Batu banakuja kununua dawa, habakuje kuangalia ukungu.

Muhindo alikuwa amechoka. Aliingia ndani, akatoka na msasa mkononi. Hapo Twaibu akainuka, kikombe chake hakijafika hata nusu.

— Weka hiyo chini, mutoto yangu. Niletee maji ya vuguvugu, sabuni kidogo tu, na nguo mbili za pamba zilizozeeka, zile haziachi nyuzi.

Akaanza juu, sehemu ndogo ndogo, akipitisha nguo mbichi bila kukandamiza, na nguo kavu ikifuata papo hapo kabla matone hayajaacha madoa. Na kila maji yalipogusa upande wenye ukwaru, ukungu ulitoweka. Wote wakaona rafu za dawa, na mama mmoja amekaa ndani na katoni mapajani: Béatrice, muuguzi kutoka Obokote, akingoja pikipiki ya kumrudisha. Nguo kavu ikapita, Béatrice akarudi kuwa kivuli.

— Papa Twaibu, ulijifunzia wapi hii? aliuliza Muhindo.

Mzee alikamua nguo muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

— Ku bilo, ku ofisi ya serikali, mbele vita ikuje. Nilikuwa plantoni, kufagia, kupeleka barua. Kati ya koridoni na chumba cha mashine za kuandika kulikuwa kioo kama hii. Nyuma yake alikuwa anatumika kazi ya kupiga mashine Émilienne, binti wa kutoka Pangi.

— Aaa! Direkta alipiga paja. Kumbe iko mwanamuke!

— Alikuwa anaimba ku kanisa, mi niko muislamu. Ningemwambia nini? Lakini ule ukwaru ulikuwa upande yangu. Nikiloweka kioo, ninamuona. Mpaka maji ikauke.

— Dakika ngapi? aliuliza Kemia.

— Nikitia maji mingi, mbili.

Walicheka, na yeye akacheka nao. Akawaeleza kwamba alikuwa anakiosha kioo kile mara nne kwa siku, hata mkuu wa ofisi akampa cheti chenye muhuri: mfanyakazi mwenye bidii kuliko wote. Alikuwa amejua kila kitu chake, kovu dogo kwenye kidevu, penseli anayoichomeka ndani ya nywele. Sauti yake hakuisikia zaidi ya salamu ya asubuhi.

Kisha vita vya mwaka wa tisini na nane vikakaribia. Siku watu walipoanza kukimbia mji, Twaibu alikuwa amevuka mto kumchukua mama yake. Aliporudi, treni ya mizigo ilikuwa imekwisha kuondoka kuelekea kusini, na watu walimwambia Émilienne yumo, amekaa juu ya magunia. Kesho yake asubuhi, risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege, alikwenda kazini kama kawaida. Akachota maji, akaloweka kioo.

— Mashine ilikuwa imefunikwa. Kiti kitupu. Nikangoja ikauke, nikaloweka tena.

— Haukumutafuta? aliuliza Muhindo.

— Treni ziliporudi, miaka imepita, nilikuwa naenda ku stesheni kila moja ikifika. Hata mwaka huu nimeenda.

Béatrice alikuwa ametoka na katoni yake, amesimama karibu na kiti. Alikuwa amesikia yote.

— Pardon, papa. Kioo ikilowa, mi nikiwa kule ndani nilikuona wewe vizuri, mpaka ndevu. Sasa ule dada, yeye hakuwa anakuona?

Kemia alimtazama Direkta, Direkta akamtazama Muhindo. Pikipiki ikafika, Béatrice akapanda, akaaga, akaenda.

Twaibu alibaki na nguo mbichi mkononi, maji yakimdondokea viatuni. Alikuwa anakumbuka kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, maana hakuwahi kukiona kuwa kitu. Kila alipoloweka kioo, mlio wa mashine ulikuwa unakoma. Ulianza tena kioo kikishakauka. Miaka yote hii alidhani Émilienne alikuwa anabadilisha karatasi.