Don Belarmino na Kisahani Kilichopakwa Dhahabu

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1997, don Belarmino Fochesatto amestaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Simu wa Paso Hondo kwa miaka thelathini na minane. Baraza la uongozi limetoa tangazo la mistari mitatu. Sisi tuliofanya naye kazi karakanani tumeona anastahili zaidi.

Alianza kama mpanda nguzo. Alipoanguka na kuvunjika nyonga, alipewa meza ya dirishani, ashughulikie visahani vya namba. Kwa wanachama vijana, nieleze kidogo. Katika simu za zamani unatia kidole kwenye tundu la namba, unazungusha kisahani mpaka kwenye kizuio, kisha unakiacha kirudi chenyewe. Kinaporudi hukatakata umeme: kwa namba tatu, mara tatu; kwa saba, mara saba; na mtambo huhesabu. Ndani mwake mna kidhibiti mwendo, yaani vyuma viwili vidogo vinavyotanuka kisahani kinapozunguka, vikasugua ukuta wa kikombe chao na kukituliza. Vyuma hivyo vikilika, kisahani hukimbia, mtambo hupoteza hesabu, na anayemtafuta kasisi humpata muuza mbolea.

Kiwanda cha vipuri hivyo kilifungwa zamani. Don Belarmino akawa anavitafuta mwenyewe: kwenye stesheni zilizoachwa reli ilipokufa, kwenye nyumba tupu za mashambani, kwa wauza vyuma chakavu wa mji wa Paraná. Vingi vilifanana sura bila kufanana meno, naye alivipiga tupa mpaka vikapatana. Hata msibani alikwenda na bisibisi mfukoni.

"Umekuja kutoa pole au kutoa kisahani?" mjane mmoja alimuuliza.

"Pole kwanza, doña. Kisahani hakiozi."

Mteja wake wa mwisho alikuwa doña Otilia Grünewald, ambaye macho yamemwisha na vidole vimeingia ganzi. Vitufe vya simu mpya kwake vyote ni kimoja, lakini matundu ya kisahani anayahesabu kuanzia kwenye kizuio bila kukosea. Kila Jumapili humpigia dada yake, Ernestina, asiyeondoka kitandani ng'ambo ya mto. Kisahani kilipoanza kukimbia, kila alipompigia dada yake alipokea Kessler, mwenye bucha.

"Doña Otilia," Kessler alikuwa akimwambia, "dada yako hajaletwa, ila mbavu zimefika."

Doña Otilia alicheka wiki mbili tu. Ya tatu alikuja karakanani ameikumbatia simu yake kama kuku wa kuuza. Don Belarmino alimwahidi: "Sitatoka hapa kabla simu yako haijatoka."

Alihangaika tangu kiangazi mpaka majani yakapukutika. Kidhibiti alikipata mwishoni mwa Juni, ndani ya simu ya stesheni iliyogeuzwa zizi la mbuzi. Alhamisi ya mwisho alikifunga, akakaza springi nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, kisha akazungusha namba ya Ernestina.

"Kessler, sitaki nyama," Ernestina akajibu, maana tangu simu ya dada yake iharibike, aliyempigia ni mwenye bucha tu.

"Si Kessler, doña. Jumapili subiri, utapigiwa na dada yako."

Akaiweka simu kwenye rafu ya dirisha. Kanuni yake ilikuwa kwamba springi iliyokazwa upya husema uongo siku ya kwanza, hivyo hakuna simu iliyorudi kwa mwenyewe kabla ya kulala pale. Hatukuwahi kubandika majina kwenye rafu ile. Kila mtu wa karakana alijua kwamba kilichopo pale kina mwenyewe.

Baraza la uongozi si watu wa karakana. Ijumaa asubuhi walikuja kutafuta simu ya kale ya kumfanyia zawadi, wakachagua iliyong'aa kuliko zote. Rafu ilipoonekana tupu, don Belarmino alidhani sisi tumeipeleka kwa mwenyewe, na sisi tulidhani ni yeye.

Jumamosi, kwenye karamu ya kumuaga, nyama ikiwa bado motoni, doña Otilia alimpapasa mkono. "Belarmino, yangu vipi?"

"Si imefika kwako?"

"Kwangu amefika paka tu."

Hapo mwenyekiti wetu, Bwana Bressán, akafunua kitambaa. Simu ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu na fundi wa majeneza, ikapigiliwa kwenye ubao. Don Belarmino aliitambua kwa ufa wa kitako. Alitia kidole kwenye sifuri, akavuta. Kisahani hakikusogea.

"Tumekigandisha kwa gundi," mwenyekiti akamweleza. "Hakitakusumbua tena, don Belarmino."

"Hii ni ya doña Otilia."

"Basi yeye tutampa mpya, ya vitufe."

"Na vidole utampa, bwana mwenyekiti?"

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha wa mstaafu. Doña Otilia hakucheka. Aliomba apelekwe nyumbani.

Jumatatu don Belarmino alikwenda kwenye droo zake za vipuri, akakuta vipuri vimeshauzwa kwa kilo kwa wale wale wauza vyuma chakavu. Karakana nayo imefungwa. Gundi ameibandua kwa sindano, lakini rangi imepenya mpaka kwenye vyuma vya kidhibiti na kuviharibu. Ushirika umemfungia doña Otilia simu ya vitufe, na Jumapili ya kwanza Kessler alipokea tena. Safari hii hakutaja mbavu.

Sasa kila Jumapili don Belarmino hupanda mlima wa kanisa na nyonga yake mbovu mpaka kwa doña Otilia, akambonyezea namba, kisha akakaa nje mpaka akina dada wamalize. Siku nyingine hupanda basi kutafuta kidhibiti kingine. Ahadi yake haijastaafu.

Mwenyekiti alimshukuru mara nyingi katika hotuba yake. Lakini kwetu, unaporudisha kibuyu cha yerba, majani tunayokunywa kwa zamu kama chai, ukasema asante, maana yake umetosheka, usipewe tena. Kwa hiyo sisi hatutasema. Don Belarmino, tunakuombea uzee wenye afya na kidhibiti kisicholika. Karakana wameifunga, birika tumeondoka nalo. Njoo, zamu yako haijapita.